Mstari wa Juu, Shimo la Kumi na Nne

Siku niliyomaliza chuo, baba yangu aliniuliza swali moja tu: "Sasa hizo takwimu zinaajiriwa wapi?" Wiki iliyofuata aliponiona nimejitwika mfuko wa fimbo za gofu uliokaribia kimo changu, alipata jibu, na hakulipenda.

"Miaka minne darasani," alisema katikati ya karakana yake ya useremala, randa mkononi, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. "Miaka minne, halafu unakwenda kumbebea dada yangu fimbo?"

"Ni msimu mmoja tu, Baba. Ofisi ya takwimu wamenikubali, lakini wanaanza kupokea watu mwishoni mwa mwaka."

"Na mpaka mwisho wa mwaka utakuwa unahesabu nyasi."

"Nitahesabu mikwaju."

"Haya. Mwambie shangazi yako nakukabidhi ukiwa na mgongo mzima. Nitaukagua ukirudi."

Shangazi alikuwa na miaka arobaini na tatu, na kabla ya kuwa mchezaji wa kulipwa alikuwa fundi cherehani. Wachezaji wenzake walimwita Cherehani, na wala si kwa kumdharau. Mpira wake ulipita katikati ya njia shimo baada ya shimo, umenyooka kama mshono. Haukwenda mbali, lakini haukupotea. Mimi nilikuwa na daftari la jalada jekundu ambamo niliandika kila mkwaju wake, na humo ndimo nilimogundua jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua: katikati ya msimu alicheza mashimo arobaini na saba mfululizo bila kuvuka kiwango cha shimo, yaani idadi ya mikwaju iliyowekewa kila shimo, hata mara moja. Hakuna mchezaji mwingine aliyefikisha arobaini msimu ule. Ilikuwa rekodi, na nilimkimbilia nayo huku nikitweta.

"Arobaini na saba?" aliuliza. "La arobaini na nane nilifanya nini?"

"Uliingiza mpira majini."

"Ndilo ninalolikumbuka."

Alikuwa na mazoea yake mengi, lakini moja lazima nilieleze. Katika gofu ya kulipwa huandiki matokeo yako mwenyewe. Mwenzako ndiye anayekuandikia kadi yako, na wewe unaandika yake. Mkimaliza mnaketi mezani ndani ya hema, mnakabidhiana kadi, kila mtu anakagua yake na kutia saini. Kila kadi ina mistari miwili. Wa juu ni wa mwenye kadi. Wa chini ni wa yule anayeiandika, apate tu kukumbuka mikwaju yake mwenyewe. Ubao wa matokeo unaweza kusema lolote, lakini kinachohukumu ni mstari wa juu. Ukisaini namba ndogo kuliko uliyopiga, hata kwenye shimo moja tu, hata kama aliyekosea ni mwenzako, unafutwa kwenye mashindano. Na ukishavuka kamba ya hema, hakuna wa kukusikiliza.

Kwa hiyo Shangazi, kabla ya kumpa mwenzake kadi, alikuwa akiisoma kwa sauti, namba moja moja, kama fundi anayemrudishia mteja vipimo. "La kwanza, nne. La pili, tano. La tatu, tatu, sivyo?" Wengine walicheka, wengine walitazama saa. Yeye hakujali.

"Niliwahi kukata suruali ya bwana harusi kwa vipimo vya mdogo wake," aliniambia. "Alifunga ndoa vifundo vya miguu vikiwa nje. Tangu siku hiyo, nasoma."

*

Msimu ulikuwa na mashindano kumi na mawili. Kila shindano lilikuwa na alama zake, na mwisho wa yote wachezaji thelathini wa kwanza walibaki kwenye ligi kwa mwaka unaofuata. Wa thelathini na moja kwenda chini walipewa mkono wa kwaheri na karatasi ya kujiandikisha kwenye mchujo, ambako makumi ya watu hugombea nafasi tano.

Tulipofika siku ya mwisho ya shindano la mwisho, Shangazi alikuwa wa thelathini na moja.

Wa thelathini alikuwa Radi. Radi alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye mabega kama ya muogeleaji, na ndiye aliyekuwa na rekodi ya mkwaju mrefu kuliko yote ya msimu: mita mia mbili sabini na mbili, zilizopimwa kwa tepu mbele ya mashahidi. Mpira wake uliondoka kwa kishindo, na mara nyingine haukujulikana ulikoangukia. Na kama kwamba waandaaji walitaka kutuua kwa presha, siku ile walipangwa kucheza pamoja, wakiwa wamelingana mikwaju ya siku tatu zilizotangulia.

Hesabu niliifanya mara kumi na haikubadilika. Shangazi akimshinda Radi hata kwa mkwaju mmoja, anampita na kubaki kwenye ligi. Wakilingana, Radi ndiye anayebaki, kwa sababu ya alama zake za nyuma.

Asubuhi ile, kwenye chumba chetu cha nyumba ya wageni, Shangazi alikuwa akinyoosha suruali yake kwa pasi ya kuazima. Hakuinua macho aliposema, "Nikishuka leo, narudi kwenye cherehani yangu. Mchujo siendi. Mchujo ni wa watoto wenye magoti mapya."

"Hutashuka, Shangazi."

"Daftari lako linasema hivyo?"

"Mimi ndiye ninayesema."

Akacheka, akanirushia kofia. Lakini niliiona mikono yake. Alikuwa ameshapiga pasi ule mguu mmoja wa suruali mara tatu.

*

"Shikamoo, Shangazi," Radi alisema tulipokutana kwenye shimo la kwanza. Mbali na Cherehani, ligi nzima ilikuwa imeshazoea kumwita pia Shangazi kwa sababu yangu.

"Marahaba. Leo unapiga mpira, au unautuma posta?"

"Nautuma posta. Wewe njoo taratibu, utaukuta umeshafika."

"Andika anwani basi. Wiki iliyopita uliutuma kwenye paa la jiko."

Watu waliokuwa kando ya kamba wakaangua kicheko. Radi naye akacheka, akaweka mpira chini, akaupiga. Nasema kweli, niliusikia ule upepo usoni.

Mashimo tisa ya kwanza yalikuwa ya Radi. Kila alipotakiwa kufika kwa mikwaju miwili alifika kwa mmoja na nusu, kama kuna kitu kama hicho. Tulipofika nusu ya mzunguko alikuwa ametutangulia kwa mikwaju mitatu. Nilikuwa nimeshika taulo na kijasho chembamba kinanitiririka mgongoni chini ya mkanda wa mfuko.

"Msomi," Shangazi aliniita. Ndilo jina nililopewa na wachezaji. "Acha kupumua kama mimi ndiye niliyekubeba wewe. Nipe fimbo ya chuma namba saba."

Shimo la kumi, Radi aliingia mchangani na kutoka kwa mikwaju miwili. Tofauti ikawa miwili. La kumi na moja wakalingana. La kumi na mbili wakalingana. La kumi na tatu mpira wa Shangazi ulisimama ukingoni kabisa mwa shimo, ukachungulia ndani, ukabaki hapohapo kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Wakalingana.

Ndipo likaja la kumi na nne. Kiwango chake ni mikwaju minne. Radi aliutuma mpira wake vichakani upande wa kulia, akalazimika kuutoa kwa pembeni, akamaliza kwa mitano. Shangazi kwa mikwaju yake miwili alikuwa bado hajafika kwenye zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, ambazo sisi tuliziita zulia. Alibakiwa na kama hatua ishirini, kwenye nyasi ndefu, na mteremko unaoelekea bwawani.

Alisimama muda mrefu. Kisha akaukwangua mpira kwa fimbo fupi, taratibu, kama anayeondoa uzi kwenye nguo ya mtu. Ukaruka, ukatua, ukaanza kuteremka. Nilijua unakwenda bwawani. Nilikuwa nimeshafumba jicho moja. Ukakata kona, ukapungua mwendo, ukagonga kijiti cha bendera na kuzama shimoni.

Mitatu!

Sijui niliutupa mfuko wapi. Najua nilimkumbatia mzee mmoja aliyekuwa kando ya kamba ambaye sijamwona tena maishani. Watu walipiga kelele mpaka ndege wakaruka kutoka mitini. Shangazi mwenyewe, ambaye msimu mzima hakuwahi hata kupiga ngumi hewani, alikuwa amevua kofia na kujifunika uso, mabega yanatetemeka. Radi akampa mkono, akitikisa kichwa. "Hiyo umeshona," alisema. "Hiyo si gofu, umeshona."

Tukatembea kuelekea shimo la kumi na tano katikati ya makelele, na Shangazi akaitoa kadi ya Radi mfukoni na kuandika huku anatembea, mkono bado unatetemeka. Walikuwa wamelingana sasa.

La kumi na tano, sare. La kumi na sita, sare. La kumi na saba ni fupi, unavuka bwawa kwa mkwaju mmoja. Shangazi aliuweka mpira hatua mbili kutoka shimoni na kuusukumia ndani. Miwili! Radi akafanya mitatu. Kwa mara ya kwanza siku ile tulikuwa mbele, kwa mkwaju mmoja, na limebaki shimo moja.

Shimo la kumi na nane. Wote wawili walifika kwenye zulia kwa mikwaju miwili. Radi alikuwa mbali, hatua kumi na tano au zaidi, kwa hiyo alianza yeye. Alichutama, akatazama, akachutama tena. Akausukuma. Mpira ulipanda mwinuko mdogo, ukateremka, ukazama kana kwamba ulikuwa na kamba. Radi aliruka juu, fimbo ikamponyoka.

Shangazi akikosa, wangelingana. Akiingiza kutoka hatua nne, anashinda. Hatua nne! Msimu mzima, kwa mujibu wa daftari langu, alikuwa ameingiza kutoka umbali ule mara moja katika kila mara tatu. Sikumwambia. Niliishika bendera kwa mikono yote miwili.

Akausukuma. Ulikwenda vizuri. Ulikwenda vizuri kabisa, ukafika kwenye mdomo wa shimo, ukazunguka mdomo wote kama anayetafuta mlango, ukatoka upande wa pili.

Sare. Na sare ilikuwa ya Radi.

*

Ndani ya hema kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, kalamu mbili zilizofungwa kwa uzi, jagi la maji, na msimamizi wa kadi aliyevaa miwani iliyoshuka hadi ncha ya pua. Wabeba mifuko tuliruhusiwa kusimama nyuma ya wachezaji wetu, tusiguse meza. Nje, rafiki zake Radi walikuwa wakiimba jina lake.

Shangazi aliketi. Akaichukua kadi yake kutoka kwa Radi, akaisaini bila hata kuitazama. Kisha akaitoa kadi ya Radi na kuifungua mezani, na nikangoja aanze kusoma. La kwanza, nne. La pili, tano.

Hakusoma. Nadhani hakuweza. Namba zile ndizo zilizokuwa zinamrudisha kwenye cherehani, na asingeweza kuzitamka moja moja. Akaisukuma kadi upande wa pili.

"Saini, mwanangu," alisema. "Hongera."

"Husomi leo, Shangazi?"

"Leo nimechoka."

Radi alikuwa anatabasamu mpaka masikioni, shingo ameigeuza kuwatazama wenzake waliokuwa nje. Akachukua kalamu. Kutoka nyuma ya bega la Shangazi niliiona ile kadi, na kwa mazoea ya kazi macho yangu yakakimbia mistari yote miwili. Yakakwama shimo la kumi na nne.

Mstari wa juu, tatu. Mstari wa chini, tano.

Ilikuwa kinyume. Katika zile kelele, mkono ukitetemeka, Shangazi alikuwa amejiandikia mitano ya Radi, na kumwandikia Radi mitatu yake. Huenda asingekosea hivyo siku nyingine yoyote. Na siku nyingine yoyote, angesoma na kuligundua.

Radi akasaini.

Sasa nieleze kilichopita kichwani mwangu, maana nimejiahidi kuandika ukweli. Nilijua kanuni. Namba ndogo kuliko uliyopiga: unafutwa. Radi akivuka kamba na kadi ile, shindano lote linamtoka, alama zake zinashuka, na wa thelathini anakuwa shangazi yangu. Hakuna aliyefanya hila. Shangazi hakujua. Radi alipewa kadi yake aikague na hakuikagua, na kanuni inasema hilo ni jukumu lake. Nilichotakiwa kufanya ni kitu kimoja tu: kunyamaza. Msimu mzima nilikuwa nimenyamaza vizuri.

Radi akasimama, akavaa kofia. Kutoka mezani hadi kwenye kamba kulikuwa na hatua sita. Nilizihesabu. Hatua ya kwanza. Ya pili. Nilimwona Shangazi amekaa akitazama mikono yake. Nikamfikiria akinyoosha suruali asubuhi ile, mguu uleule mmoja. Hatua ya tatu. Nikafikiria pia zile namba zote kwenye daftari langu jekundu, ambazo ningezionyesha kwa nani, na kwa uso upi? Hatua ya nne.

"Shimo la kumi na nne!" nilipiga kelele. "Radi, usitoke! Mstari wa juu! Kumi na nne!"

Radi aligeuka mguu mmoja ukiwa hewani. Msimamizi akainua miwani. Shangazi akanitazama, kisha akaivuta kadi, akaweka kidole juu yake, na nikamwona uso wake ukibadilika.

"Ni mwandiko wangu," alisema. "Nimegeuza. Mitatu ilikuwa yangu. Rudi hapa, msichana, rudi haraka, usiguse hiyo kamba!"

Radi alirudi. Alipoiona ile tatu alivua kofia, akakaa kitini. Msimamizi akamwuliza, "Ulipiga mingapi kumi na nne?"

"Mitano," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitoka vichakani."

Wakakata, wakaandika upya, wakatia saini zao pembeni. Kisha Shangazi akaishika kadi kwa mikono miwili na kuisoma yote, kuanzia la kwanza hadi la kumi na nane, kwa sauti, namba moja moja. Sauti yake haikutetemeka. Baada ya kila namba Radi alijibu "ndiyo", na kuanzia la kumi akawa anajibu huku analia.

Nje ya hema nilitembea nyuma ya Shangazi na mfuko wangu, nikisubiri. Sikujua kama nimemwokoa au nimemsaliti. Alisimama ghafla.

"Uliiona lini?"

"Alipokuwa anasaini."

"Alikuwa ametembea hatua nne ulipopiga kelele."

"Ndiyo, Shangazi."

"Hatua nne zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

Nilitazama chini. "Nilikuwa nahesabu."

Halafu akanivuta shingoni, akanibana kwapani na kofia yangu na mfuko wangu na kila kitu. "Wasomi!" alisema juu ya kichwa changu. "Ukikuta nyumba inaungua, utapima kwanza moshi."

*

Siku tatu baadaye mlango wa Shangazi uligongwa saa nne asubuhi. Alikuwa ameshaifunua cherehani. Kile kitambaa cheupe kilichoifunika msimu mzima kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti, na mafuta mapya ya mashine yalinukia sebuleni. Mfuko wa fimbo ulikuwa umesimamishwa nyuma ya pazia, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Alikuwa Radi, na suruali mbili mkononi.

"Nimeleta zipunguzwe, Shangazi."

Shangazi akazitazama, akamtazama yeye. "Hizi zimekutosha msimu mzima."

"Nimefupika."

"Simama hapo." Akachukua futi kamba shingoni na kuanza kupima, akinisomea nami nikiandika. "Kiuno, sabini na sita."

"Mchujo ni baada ya wiki mbili," Radi alisema, akitazama ukutani.

"Nyonga, mia moja na mbili. Usijibane pumzi, unaharibu vipimo."

"Nimekujazia karatasi ya kujiandikisha. Imebaki saini."

"Ndani ya mguu, themanini na moja. Msomi, umeandika?"

"Nimeandika."

"Shangazi, mimi ningefutwa," Radi alisema. "Ningefutwa, nafasi ingekuwa yako, na hakuna mtu angewalaumu. Nimeshindwa kulala."

"Basi lala. Kadi yako ni halali, uliipiga mwenyewe. Lile la kumi na nane ulilitoa hatua kumi na tano, nani angekunyang'anya?" Shangazi akakunja futi kamba. "Na mchujo siendi. Magoti yangu yameshazungumza na mimi. Tena huyu hapa anaanza kazi Jumatatu ya mchujo huohuo. Nani atanibebea mfuko? Cherehani?"

"Mimi."

Shangazi alikaa taratibu kwenye kiti cha cherehani.

"Wewe? Mchezaji wa ligi, unibebee mimi mfuko mbele za watu?"

"Mabega ninayo."

"Mdomo pia unao. Utanyamaza ninapopiga?"

"Nitajitahidi. Hilo siwezi kuliapia."

Nikaichukua karatasi mkononi mwa Radi, nikaiweka juu ya cherehani, nikaweka na kalamu. Nilifungua tu daftari langu jekundu kwenye ukurasa wa mashimo arobaini na saba, nikaliweka pembeni. Shangazi alitazama ile namba. Kisha akaichukua karatasi na kuanza kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, jina, umri, anwani, na alipofika kwenye umri akasema, "Umeniongezea mwaka, mpumbavu wewe," akausahihisha, akasaini.

*

Jumatatu, siku ya pili na ya mwisho ya mchujo, nilikuwa nimevaa shati jipya ofisini, kwenye meza iliyobanwa kati ya mashine ya kunakili na kabati la majalada. Nilikuwa nimepewa fomu mia mbili za kaya nizihakiki. Simu yangu ilikuwa chini ya fomu ya kwanza. Wachezaji walikuwa sitini na wawili, nafasi tano.

Ujumbe wa kwanza wa Radi ulikuja saa tatu: *1: nne. Kanikemea kwa kutembea haraka.*

*4: tatu! Nimeshangilia, nimekemewa.*

*7: sita. Majini. Hasemi na mtu, hata na mimi.*

Nilihakiki fomu moja mara nne. Mkuu wa kitengo alipita na kikombe chake, akasimama. "Unatoka jasho," alisema. "Feni haifanyi kazi?"

"Inafanya, Mkuu."

*9: nne. Wa kumi na moja sasa. Kaniomba maji.*

*11: tatu. 12: nne. 13: tatu!! Wa saba!*

Kisha kimya. Dakika kumi. Dakika ishirini. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama. Mkuu wa kitengo alikuwa amerudi, na safari hii hakuuliza kuhusu feni. Alivuta kiti. Nikamweleza kwa mkato, naye akaweka kikombe chake juu ya fomu za watu na kuitazama simu pamoja nami.

*14: tatu. Nimeandika kwenye daftari lako ulilonikabidhi, mstari wa juu. Msomi, mikono yangu haina nguvu.*

*17: sawa na kiwango. Wa tano, wamelingana wawili.*

Mkuu alisema, "Wakilingana inakuwaje?" nikamwambia, "Usiniulize," kisha nikakumbuka ni mkuu wangu.

Ujumbe wa mwisho ulichelewa. Ulipofika, ulikuwa mrefu.

*18: tatu. Hatua nne, Msomi, HATUA NNE ZILEZILE, imeingia katikati. Tumeingia kwenye hema, kasoma kadi ya mwenzake kwa sauti, kisha kasoma yake, kisha kanilazimisha niisome mimi. Watu wote wametungoja. Kasaini. Tumevuka kamba. WA NNE.*

Nilichofanya baada ya hapo nasimuliwa na wengine. Wanasema nilipanda juu ya kiti. Wanasema fomu za kaya ziliruka, na kwamba mkuu wa kitengo alinisaidia kuziokota akiwa anacheka, kisha akaniambia nikapige simu nje kabla sijavunja feni.

Nilimpigia Baba. Nyuma yake nilisikia nyundo na msumeno.

"Shangazi amerudi kwenye ligi," nilisema. "Amekuwa wa nne."

Nyundo ikanyamaza. "Wa nne kati ya wangapi?"

"Sitini na wawili."

Nikamsikia akimwamuru fundi wake asimamishe msumeno.

"Hiyo ni asilimia ngapi?" baba yangu aliniuliza.

Nikamtajia, hadi desimali ya pili. Akaniambia niirudie, kwa sauti, ili na karakana nzima isikie.